Mombasa hadi Malindi kwa Wikendi Moja: Mwongozo Kamili wa Safari Inayofuata Maji

Wengi wetu wa Mombasa tunapopanga kwenda Malindi mwishoni mwa juma huanza na hoteli, kisha mafuta, kisha saa ya kuondoka. Bahari hukumbukwa mwisho, watu wakiwa tayari wamesimama ufuoni Watamu na maji yametoka hadi mwambani, au yamejaa mpaka kwenye ukuta wa hoteli na hakuna hata pa kutandika mkeka. Mwongozo huu unakwenda kinyume na desturi hiyo. Umbali ni kama kilomita 120 tu, barabara kuu ni moja, na si rahisi mtu kupotea. Kinachoamua iwapo safari itapendeza au itachosha ni kujua mapema maji yatakupwa saa ngapi Jumamosi na Jumapili, kisha kuyapanga mengine yote kwa kuzifuata saa hizo.

Hatua ya kwanza: kuchagua wikendi

Mwezi unapoandama, na tena unapofika siku ya kumi na nne au ya kumi na tano, huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili katika pwani yetu huweza kuzidi mita 3. Karibu na siku ya nane na ya ishirini na mbili ya mwezi huwa ni maji mafu: bahari hupanda na kushuka kidogo, na mwamba hauonekani sawasawa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani, kwa hiyo, tayari anayo sehemu kubwa ya jedwali la maji.

Uzuri ni kwamba saa zenyewe hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, maji ya Mombasa na Malindi hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hata baada ya wiki moja mambo yakawa yamepinduka: maji yanajaa asubuhi na kupwa jioni. Nyakati za siku husika zitazamwe katika jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari za Kenya au katika programu yoyote ya simu inayoonyesha maji, lakini kanuni hii inatosha kukuwezesha kuchagua wikendi hata kabla ya kufungua jedwali.

Baada ya mwezi, tazama pepo. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, bahari hutulia na maji ya Watamu huwa maangavu. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili pamoja na mvua za masika, na miezi ya Mei na Juni kuna siku ambazo manahodha hawatoki kabisa, huku mwani ukitupwa kwa wingi ufuoni. Kuanzia Agosti hadi Oktoba hali huwa ya wastani, jua halichomi sana, na kwa mtu anayetaka kutembea magofuni kuliko kuogelea huo ndio wakati bora. Lipo jambo moja la Malindi ambalo wageni huambiwa wakiwa wamekwisha kulipia chumba: Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga baharini udongo wa bara kaskazini kidogo mwa mji, na mvua zikinyesha huko, maji ya ufuo wa Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Upepo wa kaskazi huusukuma udongo huo kuelekea mjini. Ndiyo maana ushauri wangu, katika msimu wowote, ni kuogelea Watamu na kulala Malindi.

Ukiniuliza wikendi moja tu ya mwaka, nitakuambia ni ile ya bamvua kati ya Januari na Machi. Maelezo yanayofuata yanachukulia kwamba umechagua wikendi ya namna hiyo. Mabadiliko ya wikendi ya maji mafu nitayaeleza kila yanapohitajika.

Hatua ya pili: gari, karatasi na fedha

Hapa sitakawia. Kagua upepo wa magurudumu pamoja na la spea, oili, maji ya rejeta, breki na taa zote. Hakikisha jeki ipo na inafanya kazi, na kwamba ndani ya gari mna pembetatu za tahadhari, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu askari wa trafiki huziulizia. Leseni iwe haijaisha muda, na bima vilevile. Anayekodi gari alipige picha pande zote mbele ya mwenye gari kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na aulize bila haya ni nani atakayelipa sehemu ya hasara ambayo bima haiigusi.

Mzunguko mzima, ukijumlisha kuingia Watamu, kuzunguka mjini Malindi na kwenda Marafa, hautapita sana kilomita 350. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji kama lita 30, nawe ongeza kidogo kwa ajili ya kiyoyozi. Viingilio vya hifadhi za bahari na vya makumbusho hulipwa kupitia eCitizen, hivyo fungua akaunti yako nyumbani, si langoni ambako mtandao unaweza kukataa huku watoto wamekaa juani. Beba kitambulisho cha taifa, kwani ndicho kinachokupa bei ya raia. Kwa mengine yote M-Pesa inatosha, ila noti ndogondogo zifae kwa madafu na maegesho.

Usibebe chupa za plastiki za kutupwa wala sahani za karatasi ya nailoni kwa ajili ya hifadhini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na plastiki za kutumiwa mara moja zikakatazwa ndani ya hifadhi kuanzia Juni 2020. Chukua jagi au chupa ya bati.

Hatua ya tatu: kuondoka Mombasa

Ondoka kisiwani saa kumi na mbili asubuhi, na usikubali kuchelewa kwa zaidi ya nusu saa. Ukivuka Daraja la Nyali tu unaingia Kongowea, na Jumamosi asubuhi soko hilo huwa na malori ya vitunguu, mikokoteni na matatu zinazogeuka popote zipendapo. Baada ya Kongowea hufuata Bombolulu, Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, kiasi cha kilomita 16, na kipande hicho kifupi ndicho kinachoweza kula muda mwingi kuliko safari nzima iliyobaki. Barabara kutoka Mombasa hadi Kilifi imekuwa katika kazi ya kupanuliwa, hivyo tarajia michepuko na vumbi, na usiamini kwamba njia uliyopita mwezi uliopita ndiyo utakayoikuta.

Wanaotoka Changamwe, Miritini au bara wana njia nyingine ambayo haitajwi vya kutosha: ile ya Mazeras na Kaloleni, yenye lami, inayokatiza minazi ya nchi ya Wagiriama na kutokea Mavueni, karibu na Kilifi. Ina kona nyingi na haifai kwa mwenye haraka, lakini siku Mtwapa inapofunga, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Ukishapita Mtwapa barabara hufunguka. Kikambala na Vipingo hupita upesi, na mashamba ya mkonge hutanda pande zote. Hapo ndipo madereva hujisahau. Mwendo wa juu ndani ya miji na vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa, matuta mengi hayana rangi wala alama, na kila shule ina lake. Basi la masafa marefu likitaka kukupita, lipishe, hakuna unalolipoteza. Ukiwa na nafasi ya saa moja wakati wa kurudi, kuna njia ya kushoto kuingia Takaungu, mji mkongwe ambako Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia baada ya kushindwa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, lakini wakati wa kwenda usiingie, kwa kuwa maji hayakusubiri.

Hatua ya nne: staftahi Kilifi

Ukiondoka kwa wakati, utakuwa Kilifi mnamo saa moja na nusu. Usisimame juu ya daraja kupiga picha, ingawa kila mtu hutamani. Egesha upande wa kusini, penye Mnarani, ambako magofu ya msikiti wa kale na mibuyu yake yanaitazama hori yote, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, kutoka juu. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991, na kabla yake magari yalivushwa kwa kivuko, ndiyo sababu wazee wa Malindi bado huihesabu safari hii kuwa ya siku nzima.

Kula Kilifi, wala usisubiri Watamu. Mahamri na mbaazi za nazi katika mkahawa wowote wenye watu wengi, pamoja na chai ya tangawizi, vitakupeleka hadi saa saba bila njaa, na kwa bei ambayo hoteli za ufuoni hazikupi hata kikombe. Korosho za hapa zinunuliwe wakati wa kurudi. Zikinunuliwa asubuhi huisha kabla ya Gede, jambo ambalo kila mwenye watoto garini analielewa.

Kutoka Kilifi, barabara hupita Tezo, Matsangoni na Mida. Ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, yenye waendesha baiskeli waliobeba makaa, mbuzi na bodaboda. Karibu na Mida utaanza kuuona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, kama kilomita 420 za mraba, ambao ni sehemu kubwa zaidi iliyobaki ya msitu wa pwani katika Afrika Mashariki. Wapenzi wa ndege hutenga siku nzima kwa ajili yake. Katika wikendi ya bahari, uache.

Hatua ya tano: Watamu maji yakiwa yamepwa

Gede ndiyo njia panda. Kata kulia kuelekea Watamu, na usishawishike kuingia magofuni kwanza, kwa maana magofu yatakuwapo alasiri na maji yaliyopwa hayatakuwapo. Lengo ni kuwa ufuoni saa tatu, saa moja kabla ya maji kufika chini kabisa.

Hifadhi ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za mwanzo Afrika. Faida yake utaiona ukiinamisha uso majini: samaki wa matumbawe hapa hawamkimbii mtu. Kukodi mashua yenye kioo chini, fuata utaratibu huu. Lipa kwanza kiingilio cha hifadhi kupitia eCitizen na utunze risiti. Kisha zungumza na nahodha mwenyewe, si dalali, na mkubaliane mambo manne kabla ya kupanda: bei ya mashua nzima au ya kila mtu, muda wa kukaa majini, miwani ya maji kama imo katika bei, na jaketi la kuelea kwa kila abiria, mtoto na mtu mzima. Nahodha asiyekuwa na majaketi ya kutosha muage kwa adabu na utafute mwingine. Maji yanapopwa hasa, baadhi ya mashua hupeleka watu kwenye fungu la mchanga linalojitokeza katikati ya bahari, ambalo wenyeji wamelizoea kwa jina la Sardegna Due. Ni pazuri, lakini hapana kivuli hata kidogo, na anayekwenda bila shati hulala kifudifudi usiku huo.

Vaa viatu vya raba unapotembea mwambani, usikanyage matumbawe, na usichukue kombe wala nyota ya bahari hata akikupa mtu. Maji yakianza kurudi, yaani baada ya saa tano hivi, rudi ufuoni pamoja nayo. Mikondo kati ya mwamba na ufuo hujaa upesi kuliko macho yanavyodhani, na watoto wafupi ndio wa kwanza kukatiwa njia.

Katika wikendi ya maji mafu, geuza mpangilio: ingia Gede asubuhi, kisha hori ya Mida maji yakiwa yamejaa, ambapo mtumbwi unaweza kupenya katikati ya mikoko, na Watamu uifikie alasiri. Fungu la mchanga halitajitokeza sana, lakini kuogelea karibu na ufuo kutakuwa rahisi zaidi, na kwa familia yenye watoto wachanga pengine hiyo ndiyo wikendi inayofaa.

Hatua ya sita: Gede wakati wa jua kali

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa halivumiliki ufuoni, ndipo Gede panapopendeza, kwa sababu magofu yamo ndani ya msitu na kivuli hakikosekani. Huu ni mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa na kuachwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Utaona jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima virefu, vyoo na mifereji iliyopangwa kwa ustadi, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, ambalo limewasaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo ya jirani.

Mchukue mwongozaji. Kuta zenyewe hazisemi, na ziara bila maelezo huwa ni kutembea kati ya mawe. Mwulize hasa kuhusu swali ambalo bado linabishaniwa: kwa nini mji tajiri kiasi hiki, wenye vyombo vya Kichina, haukutajwa na Wareno waliokaa Malindi umbali wa kilomita chache tu. Kisha shika vyakula vyako vizuri, kwani kima wa Gede hawaombi.

Hatua ya saba: jioni na usiku Malindi

Malindi ni chini ya nusu saa kutoka Gede. Kabla ya kulipia malazi, uliza maji ya bafuni ni ya chumvi au ya tamu, kama kuna jenereta, gari litalala wapi, na kama chandarua hakijatoboka. Katika sikukuu za Krismasi, Pasaka na likizo ya Agosti vyumba hujaa, hivyo weka nafasi wiki kadhaa mapema.

Maji yatakuwa yamejaa alasiri hiyo, nao ufuo utakuwa mwembamba, kwa hiyo tembea mjini. Anza na makaburi ya nguzo yaliyo kando ya msikiti wa Juma, kisha zunguka vichochoro vya mtaa wa Shela. Vaa nguo za heshima, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Chakula cha usiku kina nyuso mbili: upande mmoja kuna pweza wa nazi, wali, mishkaki na viazi karai, upande mwingine, kwa sababu Waitaliano wamekaa hapa kwa miongo mingi, kuna pitsa na aiskrimu ambazo Mombasa haina cha kulinganisha nazo, nami nasema hivyo nikiwa Mmombasa. Usishangae muuza matunda akikutajia bei kwa Kiitaliano.

Hatua ya nane: Jumapili

Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jua la kutazama ni la kuchomoza. Saa kumi na mbili na robo hivi uwe karibu na nguzo ya Vasco da Gama, ukijua kwamba eneo lenyewe hufunguliwa baadaye na utarudi kulipa kiingilio. Vasco da Gama alifika mwaka 1498, akapokewa vibaya Mombasa na vizuri Malindi, na ni hapa alipopewa rubani wa kumvusha hadi India. Msalaba ulio juu ya nguzo ni wa jiwe lililotoka Ureno. Karne hiyohiyo, mwaka 1415, alikuwa ametangulia mjumbe mwingine wa Malindi: twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China.

Baada ya hapo una uchaguzi mmoja, na usijaribu yote mawili. Unaweza kurudi majini, kwa vile kupwa kwa Jumapili kutakuwa karibu saa moja baadaye kuliko kwa Jumamosi. Au unaweza kwenda Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi, kuona bonde la Nyari, ambako mmomonyoko umechonga udongo mwekundu, mweupe na wa chungwa kuwa minara na makorongo. Unavuka daraja la Sabaki, kisha unashika njia ya kushoto. Watu wengi hupendekeza Nyari wakati wa machweo, na ni kweli rangi huwaka wakati huo, lakini anayekaa hadi machweo huko atarudi Mombasa usiku, nami siwezi kumshauri mtu hivyo. Nenda asubuhi, chukua maji ya kutosha, na ushuke bondeni pamoja na mwongozaji wa kijijini kabla ya saa nne, kwa kuwa chini hakuna upepo. Ukivuka Sabaki, kumbuka kwamba mbele kidogo upande wa bahari ni Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa chombo cha anga kilichopewa jina la Uhuru.

Hatua ya tisa: kurudi

Ondoka Malindi si zaidi ya saa nane mchana. Kipande cha Malindi hadi Kilifi hakina taa, baiskeli hazina viakisi, na giza likiingia mnamo saa kumi na mbili na nusu, mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi huonekana ukiwa umeshamfikia. Kilifi simama kwa korosho na madafu, na dereva apumzike robo saa. Mtwapa uipite kabla ya saa kumi na moja, kwa maana jioni ya Jumapili msafara wa kurudi mjini hukutana na wanaokwenda kustarehe, na hakuna anayempisha mwenzake.

Ukifika nyumbani, gari lioshwe chini kwa maji ya bomba, hasa kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango, kwani chumvi na mchanga wa Watamu vikiachwa hapo hadi wikendi nyingine huanza kula bati.